Nyama Tamu Nairobi Iko Kwa Mabati, Lakini Hiyo Mabati Imebakisha Siku Ngapi?

Wacha nianze na aibu yangu. Mwezi jana nilimtoa dem, tukaenda mahali flani Westi, viti vya ngozi, taa za njano, weita anaongea polepole ka mtu anasoma habari. Nikaagiza steki. Ikakuja na majani mawili, viazi vitatu, na sosi imechorwa kwa sahani ka saini ya daktari. Bei ilikuwa chini kidogo ya thao tatu. Nilitafuna hiyo kitu hadi taya ikaomba likizo. Dem akaniangalia, mi nikamwangalia, tukacheka tu, juu doh ilikuwa ishaenda na hakuna kingine ungefanya.

Kesho yake nikiwa nimebaki na soo saba, nikashuka Burma, pale karibu na City Stadium. Nikakaa kwa benchi yenye mguu mmoja umefungwa kamba. Nusu kilo ya mbavu za mbuzi, ugali, kachumbari, chumvi imemwagwa kando ya mbao. Ukuta ni mweusi wa moshi, mabati iko na matundu unaona jua kama nyota, na maji ya kunawa yanatoka kwa mtungi wa plastiki wenye kamfereji kadogo. Na manze, hiyo nyama ilikuwa inaachana na mfupa bila kusukumwa. Nilikula nikanyamaza, na wasee wananijua wanajua mi si mtu wa kunyamaza.

Najua we pia uko na stori kama hii. Kila mtu wa Nairobi yuko nayo. Kuna yenye anaapa na Kenyatta Market, mahali unasukwa nywele mlango huu na kuchomewa nyama mlango ule. Kuna wa City Market, kuna wa Dagoretti, na ukiwa njia ya Nakuru kuna Kikopey, penye magari husimama hata kama hakuna mtu alisema anahisi njaa. Kawaida tunaiacha hiyo stori hapo: kibandaski ni moto, hoteli ni za kuchoma picha. Lakini kuna maswali mawili huwa hatuulizi. Kwa nini nyama ya hapo ni tamu hivyo? Na kama inauza hivyo, kila siku, miaka nenda miaka rudi, kwa nini hapo mahali bado panakaa ka panaanguka kesho?

Hilo la pili ndilo limenifanya niandike. Lakini tuanze na la kwanza, juu bila hilo hutaelewa.

Steki ya bucha na steki ya menyu

Ukienda bucha ya mtaa useme "nipimie steki nusu", yule jamaa hatakuuliza kama unataka fileti ama sirloini. Atakukatia nyama ya ng'ombe haina mfupa, basi. Kwa bucha, steki ni jina la bei: inalipiwa zaidi juu mfupa umetolewa. Kwa menyu ya Westi, steki ni kipande maalum kutoka mgongo wa ng'ombe, kiko na jina na gramu zake. Neno ni moja, vitu ni viwili.

Na hapa nitasema kitu mbogi ya kibandaski haitapenda. Kwa mambo ya ng'ombe, hoteli inayojua kazi yake iko mbele. Ng'ombe akishachinjwa, misuli inakaza ndani ya masaa machache na inakaa imekaza karibu siku nzima. Ukiichoma ikiwa hapo, unatafuna tairi. Lakini ukiitundika kwa baridi ya karibu digrii 0 hadi 4, wiki mbili ama tatu, vimeng'enya vyenye viko ndani ya nyama yenyewe vinaanza kuilainisha. Hiyo kusubiri ndiyo unalipia. Chumba cha baridi, stima, jenereta, na nyama inayopungua uzito ikingoja. Shida ni kwamba kuna mahali wanakulipisha hiyo kazi bila kuifanya, na mi nashuku hapo ndipo nililipia taa za njano.

Kibanda hakina chumba cha baridi, kwa hivyo kimejifunza kuishi bila. Angalia venye wanapanga mambo. Kwa makaa wanaweka mbuzi, mnyama mdogo, akiwa bado hajazeeka, na zaidi mbavu na mkono, sehemu ziko na mafuta na kano. Moto unawekwa chini, nyama inakaa juu karibu saa nzima, inanyunyiziwa maji ya chumvi, inageuzwa, inasogezwa kando, inarudishwa. Zile kano ngumu zikipata joto la polepole zinayeyuka, ndio maana midomo yako inanata ukimaliza. Hakuna viungo vya kuficha kitu. Na ng'ombe? Ng'ombe anaenda sufuria. Anachemshwa kwanza, supu inauzwa kando kwa kikombe, halafu anaingia kwa kitunguu, nyanya na dania ndio unaitiwa wet fry. Hakuna mtu aliandika hiyo sayansi kwa ukuta wa Burma. Ni watu waliharibu nyama ya watu wengine miaka mingi hadi wakajua.

So ushauri wa bure: usiende kibanda kuitisha steki ya kuchoma halafu ulalamike. Kila nyama iko na nyumba yake.

Friji yao ni wewe

Kitu kingine ni mwendo. Malori ya mifugo yanaingia Nairobi kutoka Kajiado, Narok, Isiolo, Marsabit, Garissa na kwingine huko kukavu. Mbuzi wengi wanaishia Kiamaiko, pale Huruma. Ng'ombe wanaenda vichinjio vya kama Dagoretti na Kiserian. Kazi inafanywa usiku, na alfajiri unaona zile Probox na nduthi zimebeba masanduku ya chuma, zinapita ka ambulensi. Saa tano asubuhi hiyo nyama inaning'inia dirishani. Saa kumi jioni imeisha. Jamaa hana mahali pa kuiweka ilale, kwa hivyo lazima aimalize.

Ndio maana mi huangalia watu kabla niangalie nyama. Ukiona makanga, wasee wa mjengo, watu wa boda na mzee mmoja wa suti amekunja tai mfukoni, wote wamebanana kwa meza moja saa saba mchana, jua nyama hapo haipati nafasi ya kuzeeka. Nyinyi ndio friji. Siku mtaacha kuja, utamu utaisha kabla ya wiki kuisha.

Sasa linganisha na ile ya kioo na taa nyekundu. Unakumbuka Julai 2019? NTV walitoa makala yenye ilidai kuna supamaketi zinatumia dawa inaitwa sodiamu metabisalfaiti kufanya nyama ikae nyekundu ka imechinjwa asubuhi. Supamaketi zikakana, maafisa wakaanza kuzunguka wakikagua, na Wakenya wiki hiyo wote wakawa madaktari wa nyama. Wacha kesi yenyewe kando. Jiulize hiyo dawa ni ya kujibu swali gani. Swali ni: nitafanyaje nyama ya Jumatatu ikae poa hadi Alhamisi? Yule jamaa wa Burma hajawahi kuwa na hilo swali. Alhamisi yake iko bado inatembea huko Kajiado.

Lakini usinisome vibaya. Mabati si cheti cha afya. Kuna vibanda mi siwezi kula hata ukinilipa, na kila baada ya muda tunasoma taarifa za punda waliochinjwa vichakani usiku, nyama ikapelekwa nani anajua wapi. Sheria ya ukaguzi wa nyama ipo, na mnyama akipita mkaguzi anapigwa muhuri wa wino kwa mwili. Uangalie. Uko pale kwa paja ama mgongo, rangi imefifia lakini unaonekana. Kama nyama yote iliyoning'inia haina hata alama moja, na bei ni ya kushangaza, buda, hiyo si bahati. Angalia pia maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Kuta nyeusi za moshi hazijawahi kumpeleka mtu hospitali. Maji machafu yamepeleka wengi.

Kwa nini hawapaki hata rangi

Tuingie kwa swali lenyewe. Yule mzee huniuzia, wacha nisimtaje jina, amechoma nyama kabla mi nizaliwe. Siku moja nilikuwa na ujasiri wa mtu ameshiba, nikamwambia, "Mzee, hapa ukiweka taili na meza poa, si utaitisha mara mbili?"

Akaniangalia ka mtoto. "Kijana, taili nitaiweka kwa shamba ya nani?"

Akaniambia kila siku analipa tikiti ya kaunti. Leseni analipa. Kodi kwa mtu anaita landlord analipa, ingawa hajawahi kuona karatasi ya huyo landlord. Lakini hana kitu hata kimoja kinasema hapo ni pake hadi Desemba. Friji anaweza nunua, alisema, doh ya friji amewahi kuwa nayo mara nyingi. Lakini friji ni kitu huwezi beba ukikimbia. Mwaka huo alikuwa amenunua mabati mpya moja pekee, ya juu ya moto. Nikamuuliza mbona moja. Akasema moja anaweza kuichomoa na kwenda nayo.

Nilirudi keja nikifikiria hiyo mabati moja.

Juu ukiangalia, mzee hana uoga wa bure. Mei 2020, katikati ya korona na kafyu, nyumba na vibanda vya Kariobangi vilibomolewa na maelfu ya watu wakalala nje kwa mvua. Mwisho wa 2021 ikawa Mukuru kwa Njenga, tingatinga likipisha barabara. 2024 mafuriko ya Aprili na Mei yakaua watu, serikali ikaagiza kila mtu atoke mita 30 kutoka mto, na Mathare na Mukuru zikaangushwa tena. Sitasema mto si hatari, ni hatari, watu walikufa. Nasema tu kwamba wale walioambiwa watoke leo ni wale wale walikuwa wakilipa tikiti jana. Halafu kuna Gikomba, penye moto umekuwa ka msimu wa mvua. Ule wa Juni 2018 uliua watu 15, na asubuhi yake wenye walipona walikuwa wakipima majivu kwa hatua, kila mtu akijaribu kukumbuka mpaka wake.

Sasa mwambie mtu wa hapo aweke taili.

Kwa hivyo ule uchakavu tunapiga picha tukisema "vibe ya mtaa" si staili. Ni hesabu. Mtu anaweka pesa yake mahali inaweza kutoka haraka: kwa nyama, kwa makaa, kwa ada ya shule. Kuta hazipati kitu. Na ndio maana, ukiniuliza, nyama ni nzuri hivyo. Kila shilingi yenye haikuenda kwa kiti ilienda kwa mbuzi. Lakini pia ndio maana hakuna choo, hakuna mfereji, na mama anayesonga ugali anapumua moshi masaa kumi kwa siku. Hiyo sehemu hatupigi picha.

Mbuzi anapanda bei, mzee anashuka faida

Juu ya hayo yote, kuna doh. Ukame ulianza mwisho wa 2020 ukakaa hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa huku Kenya. Mfugaji wa Marsabit akipoteza mbuzi mia, hao hawarudi juu mvua imenyesha wiki mbili. Inachukua miaka. Makaa nayo yalikuwa yashapanda tangu Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwa misitu, na Kitui ikakataa makaa yake kutoka. Marufuku ikaja kuondolewa 2023, lakini bei haikusoma hiyo taarifa. Mwaka huo huo, Julai, kodi ya VAT kwa mafuta ya gari ikatoka asilimia 8 hadi 16. Lori la mbuzi linakunywa hayo mafuta kutoka Isiolo hadi Kiamaiko.

Mi nilianza kula hapo kwa mzee nikiwa bado campo, kabla tuachane mimi na campo, na kilo ya choma ilikuwa soo nane. Sahi ni thao na rwabe. Ungedhani mzee ameomoka. Wapi. Anasema zamani alikuwa anachukua mbuzi wanne kwa siku ya kawaida, sahi wawili, na wa pili anamtolea jasho. Watu wanaitisha robo badala ya nusu. Wengine wanaitisha supu na ugali, wanakula karibu na moto ndio wapate harufu. Mwendo ukipungua, unakumbuka nilisema nini kuhusu friji? Nyama ikianza kulala, utamu ndio wa kwanza kuhama.

Na usidhani hii ni ya Ikulu. Najua tumezoea kulalamikia huko juu, na Juni 2024 tulionyesha tunajua njia ya kwenda Bunge, Mswada wa Fedha ukaondolewa. Lakini soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Masoko, leseni za biashara, vichinjio vya kaunti, zote ziko kwa kaunti. Yaani mtu anaamua kama mzee wangu atapata mfereji wa maji ama tingatinga yuko City Hall, na wewe labda hujui jina la MCA wako. Mi mwenyewe ilibidi niulize, na sijivunii.

Najua mtu atasema suluhu ni soko la kisasa, ghorofa, lifti. Sijakataa. Lakini tumeona hiyo sinema. Wafanyabiashara wanaambiwa wapishe ujenzi, ujenzi unakaa miaka, halafu siku ya kugawa stoli malalamiko ni yale yale: majina kwa orodha hayajulikani na mtu, kodi imeruka, na choma haikubaliwi juu ya moshi. Jamaa wa kuchoma anarudi barabarani nje ya soko alilopisha. Mi ningeanza na kitu kidogo cha kuboesha: karatasi. Karatasi inasema hii futi kumi kwa kumi ni yako miaka mitano, na tukitaka kukutoa tutakupa notisi na mahali pengine. Halafu maji, mtaro na taa. Taili atanunua mwenyewe. Nilimuuliza mzee, akasema akipata miaka mitano ananunua friji mwezi wa kwanza, na huenda hata akajaribu kutundika ng'ombe wiki mbili aone hiyo maneno ya hoteli.

Fikiria hiyo. Steki ya wiki mbili, Burma, kwa bei ya Burma.

Kwa sasa, ukienda, enda kati ya saa sita na saa nane mchana. Chagua kipande mwenyewe kabla hakijaenda kwa moto, kionyeshe kidole, kipimwe ukiona. Itisha mbavu ama mkono. Mwambie asiharakishe, na ukiwa na haraka kunywa supu uende zako, usimlazimishe akuongezee moto, utaharibu. Pilipili onja kwanza. Beba cash kidogo, si kila mtu anataka M-Pesa na makato yake. Na usianze kumpunguzia bei mtu amekaa kwa moshi tangu saa kumi na moja alfajiri.

Yule dem, ka unajiuliza, nilimpeleka Jumamosi iliyopita. Alipanguza benchi na tishu, akaangalia mabati, akaniangalia, hakusema kitu. Tulianza na nusu. Mzee alipokuja na kisu kutukatia, dem alikuwa amefunga nywele nyuma na amekunja mikono ya sweta. Robo ya pili aliitisha yeye, bila kuniuliza.